Kiti Kitupu Kikaoni

Kuna Rombo mbili. Moja ni yetu huku Kajiado. Nyingine ni wilaya ya Tanzania, ng'ambo ya mpaka. Mlima ni ule ule, na watu wana ndugu pande zote mbili. Kwa hivyo nikisikia "Jumuiya ya Afrika Mashariki", sifikirii kwanza ofisi za Arusha. Nafikiria watu ambao homa ya upande mmoja ni homa yao pia.

Tarehe 12 Mei 2020, corona ikiwa imeingia kote, viongozi wa Jumuiya walikutana kwa video, Kagame akiwa mwenyekiti. Rwanda, Kenya, Uganda na Sudan Kusini zilishiriki. Tanzania na Burundi hazikuwepo. Tanzania ilikuwa imeacha kutangaza idadi ya wagonjwa tangu mwisho wa Aprili. Siku nne baadaye Kenya ikafunga mpaka wake na Tanzania, ikaruhusu malori ya mizigo tu, tena dereva apimwe kwanza. Namanga ikajaa foleni.

Mkataba wa Jumuiya, uliotiwa saini 1999, unasema marais huamua kwa maafikiano. Ni kanuni ya heshima: mkubwa hamkanyagi mdogo. Lakini wakati wa janga, anayekaa kimya naye si ameshaamua? Na ameamulia hata wale wasiompigia kura.

Sisemi Arusha ipewe rungu la kuwachapa marais. Mamlaka ambayo sikuichagua na siwezi kuiondoa inanitisha pia. Ila kuna tofauti kati ya kumwamulia jirani na kumwambia ukweli. Mtu ambaye ng'ombe wake wana ugonjwa wa miguu na midomo ana haki ya kuamua atawatibu vipi. Hana haki ya kuwaleta kisimani kimyakimya, ati kikao hakijafanyika. Taarifa ya ugonjwa ni deni, haingoji maafikiano.

Kenya nayo haikuwa malaika. Ilifunga mpaka kivyake, na gharama ikamwangukia dereva na mama anayeuza nyanya ng'ambo.

Samia Suluhu Hassan alipoingia madarakani Machi 2021, Tanzania ilianza tena kutoa takwimu mwaka huo huo. Nilifurahi, halafu nikajiuliza: nini hasa kilibadilika? Alibadilika rais. Kanuni ya Jumuiya ilibaki pale pale. Wewe unayeishi mpakani, ungependa usalama wako utegemee nani atakuwa ikulu ya jirani janga lijalo likibisha?