Hatia ya Kale na Mlango wa Nchi ya Watu

Kila nchi ni nyumba, na kila nyumba ina mlango. Mwenye nyumba halaumiwi kwa kuwa na mlango, wala halaumiwi kwa kuuliza jina la abishaye hodi kabla ya kumkaribisha. Lakini namna ya kuuliza, na matumizi ya jibu lipatikanalo, ni mambo ya uadilifu. Swali la insha hii ni dogo kwa maneno na zito kwa maana: mtu aliyetenda kosa, akahukumiwa, akatumikia adhabu yake mpaka siku ya mwisho, je, ni haki azuiwe kuingia katika nchi nyingine kwa ajili ya kosa lile lile?

Na tulitazame swali hili tukiwa Galula. Galula ni kata ya Wilaya ya Songwe, katika mkoa wa jina hilo hilo uliozaliwa mwaka 2016 kutoka Mkoa wa Mbeya. Iko kwenye njia itokayo Mbalizi kwenda Mkwajuni na Makongolosi, katika nchi ya Mto Songwe unaomwaga maji yake Ziwa Rukwa. Si mji wa mpakani, lakini mpaka hauko mbali na fikra za watu wake. Anayefika Mbalizi akashika barabara kuu ya kwenda magharibi hufika Tunduma, mji unaotazamana na Nakonde ya Zambia. Huko, tangu Oktoba 2019, nchi mbili hizi zimeweka kituo cha pamoja, ambamo msafiri hukaguliwa na pande zote mbili mahali pamoja. Na Wanyamwanga wanaishi huku na huku ya mstari huo, ambao asili yake ni mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890. Mstari haukuwauliza wao ni ndugu wa nani.

Tufanye mfano. Kijana wa Galula, alipokuwa na umri wa miaka ishirini, aliiba pampu ya maji ya jirani. Alishitakiwa, akafungwa miaka miwili, akatoka. Miaka kumi na miwili imepita. Amelima, ameoa, amezaa, na jirani aliyeibiwa ndiye sasa amwaminiaye kushika ufunguo wa ghala lake. Siku moja anapata nafasi ya kazi katika nchi ya mbali, naye anaombwa alete hati ya polisi inayotokana na alama za vidole vyake. Vidole vilivyopalilia shamba kwa miaka kumi na miwili vitasema habari ya usiku mmoja tu.

Atapokewaje? Hilo lategemea mlango abishao. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 yataja, miongoni mwa watu wasioruhusiwa, aliyehukumiwa kwa kosa la kifungo kisichopungua miaka mitatu asipate msamaha. Yamkini kifungu hicho hakitamgusa. Kanuni za Uingereza, zilizokazwa mwishoni mwa mwaka 2020, zaamuru akataliwe aliyepata kuhukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi, huko amekwisha. Wala tusidhani kwamba ukali huu ni wa wengine tu. Sheria yetu ya Uhamiaji ya mwaka 1995 humhesabu kuwa mhamiaji asiyetakiwa mtu aliyefungwa katika nchi nyingine, asipate msamaha, ikiwa ofisa wa uhamiaji, kwa kuyapima mazingira ya kosa lake, atamwona hafai. Basi mtu ni yule yule, tendo ni lile lile, toba ni ile ile. Mizani ndiyo iliyo mitatu. Jambo linalopimwa hivi haliwezi kuwa uovu wa mtu peke yake. Ni kiasi cha hofu ya mwenye nyumba.

Na hofu hiyo tusiidharau. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Wako watu wanaouza binadamu wenzao, na wako wanaohama nchi ili waache nyuma jina baya na kwenda kuanza upya ubaya ule ule. Serikali inayowafungulia mlango kwa upole usio na macho huwalipisha raia wake gharama ya upole huo. Tena yasemwa, na kwa haki, kwamba kuzuiwa mlangoni si adhabu. Adhabu hutazama nyuma, hulipiza lililotendwa. Tahadhari hutazama mbele, huzuia lisitendwe. Mgeni hana haki ya kuingia kama aliyo nayo mwana wa nyumba, na anayenyimwa kisicho chake hakudhulumiwa.

Hoja hii ina nguvu, lakini ina sharti ambalo wenyewe hulisahau. Ikiwa kuzuia ni tahadhari, basi yapasa kufanya kazi ya tahadhari, yaani kuipima hatari iliyopo leo. Tahadhari isiyouliza mtu huyu ameishije tangu siku ile imekwisha kuacha kutazama mbele. Inatazama nyuma kama adhabu, ila haina hakimu wala kipimo, na mara nyingine haina mwisho. Hukumu ya mahakama ilisema miaka miwili. Mlango wasema daima.

Tena neno «hatia» lenyewe haliko sawa kila mahali. Mnamo Januari 1962 mtu mmoja alishuka Mbeya kwa ndege ndogo, hana pasipoti, ametoroka nchi yake iliyomkataza kusafiri. Alikuwa na hatia mahakamani: mwaka 1952 alihukumiwa kifungo cha miezi tisa, kilichoahirishwa, kwa kuongoza watu kuasi sheria za ubaguzi. Tanganyika, iliyokuwa na uhuru wa mwezi mmoja tu, ilimpokea, ikampa karatasi ya kusafiria. Mtu huyo alikuwa Nelson Mandela. Alifungwa miaka 27, akawa rais wa Afrika Kusini kuanzia mwaka 1994 hadi 1999. Na hata hivyo ni mwaka 2008 tu ndipo Marekani ilipoliondoa jina lake katika orodha ya watu wa kuangaliwa kwa ugaidi. Kama Mbeya ingaliuliza karatasi tu, ingalijibiwa kwamba huyu ni mhalifu. Iliuliza ni hatia ya nini, na mbele ya sheria ya nani.

Atasema mtu: mwizi wa pampu si Mandela. Ni kweli. Lakini mfano huo hauleti usawa wa watu. Waonyesha upungufu wa karatasi. Karatasi isiyoweza kumtenga shujaa na mwizi, itawezaje kumtenga mwizi wa leo na mwizi aliyeacha?

Liko jambo jingine ambalo mataifa hayalitaji. Kijana wetu alipotoka gerezani alirudi Galula, na Galula haikuwa na haki ya kumkataa. Mjane mwenye kuku watatu na mwenye duka dogo waliibeba hatari ile bila kuulizwa. Waliishi naye, wakamchunguza kwa macho, wakamrudia polepole. Nchi tajiri zisemapo haziwezi kubeba hatari hata ndogo, maana yake ni kwamba hatari hiyo na ibebwe na wengine, aghalabu wanyonge kuliko wao. Historia imeonja hili. Kati ya mwaka 1788 na 1868 Uingereza ilisafirisha wafungwa wapatao 162,000 kwenda Australia, nchi ambayo wenyeji wake hawakuulizwa. Leo sheria ya Australia yaweza kumkataa mgeni kwa sababu amepata kuhukumiwa kifungo cha miezi 12. Nyumba iliyojengwa na wafungwa imekuwa na mlango usiopenda wafungwa.

Hata hivyo, tofauti iliyopo tuikiri: Galula humjua mtu, ugenini huijua karatasi. Basi dawa si kuvunja mlango, bali ni kuifanya karatasi iseme zaidi. Katiba yetu ya mwaka 1977 yatupa mwanga. Humzuia kugombea ubunge mtu aliyetiwa hatiani kwa kukwepa kodi katika miaka mitano kabla ya uchaguzi. Miaka hiyo ikipita, kosa hilo halimfungi tena. Ikiwa muda waweza kumrudishia mtu heshima ya kutunga sheria, kwa nini usimrudishie heshima ya kwenda kupakua mizigo katika bandari ya ugenini?

La mwisho ni habari ya ukweli. Fomu huuliza: umepata kuhukumiwa? Mlango unaomfukuza kila asemaye ndiyo huwachuja wakweli na kuwapitisha waongo hodari. Hili halimhalalishii kijana wetu uongo. Akisema hapana, ameiba mara ya pili, na safari hii ameiba imani ya mwenyeji wake. Wajibu wake ni kusema. Lakini wajibu wa kusema huzaa wajibu wa kusikiliza. Yampasa mwenye mlango aulize ni kosa gani, ni lini, mtu ameishije tangu hapo, na ni nani atakayedhurika akiingia. Akiisha kuuliza hayo na bado akakataa, amekataa kwa haki, naye mgeni hana la kunung'unikia. Asipouliza, hakumlinda mtu yeyote; ameongeza tu miaka katika kifungo ambacho si yeye aliyekitoa.

Kufanya kosa si kosa, walisema wazee, kosa ni kurudia kosa. Aliyelipa deni lake astahili stakabadhi, na stakabadhi isiyopokewa popote ila pale alipolipia ni nusu ya stakabadhi.