Watu Wazima na Sinema za Katuni

Ndugu mmoja katika wahudhuriao darsa zetu alituuliza swali ambalo wenziwe walilicheka, na sisi pia, twakiri, tulitabasamu. Alisema: "Sheikh, mimi ni mtu wa miaka hamsini na nina wajukuu. Watoto wakitazama zile sinema za katuni mimi huketi nyuma yao kwa kisingizio cha kuwachunga. Kisha wao hulala, na mimi hubaki nikitazama mpaka mwisho. Je, huu ni upungufu wa akili?"

Siku ile tulimpa jawabu la haraka, kwamba mtu mzima ana mambo bora ya kufanya na saa zake. Jawabu hilo si la uongo, lakini halikuwa jawabu la alilouliza. Yeye hakuuliza juu ya saa zake; aliuliza juu ya akili yake. Na sisi wenyewe tulikuwa hatujapata kuitazama hata moja katika sinema hizo tangu mwanzo hadi mwisho. Tulihukumu kwa kusikia, na hakimu wa namna hiyo hana heshima. Leo twalirudia swali lake kwa sababu ya jambo tulilolishuhudia Sori.

Msomaji wetu wa Mwambao huenda hajui Sori iko wapi. Ni mji wa wavuvi katika Ghuba ya Karungu, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, katika kaunti ya Migori, si mbali na mpaka wa kaunti ya Homa Bay. Wenyeji wengi ni Wajaluo. Waislamu ni wachache, na ndio waliotualika. Riziki ya mji ni samaki: mbuta, ngege, na khasa omena, wale wadogo ambao ndugu zetu wa Tanzania huwaita dagaa. Omena huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, taa ya mvuvi haifui dafu mbele ya mbalamwezi, samaki hawakusanyiki, na mashua hubaki pwani. Sisi tulifika katika siku hizo za mbalamwezi, na wanaume wa mji walikuwa hawana kazi ya usiku.

Baada ya sala ya Isha tulipita karibu na soko, tukasikia vicheko vikubwa vyatoka katika kibanda cha mabati cha kuonyeshea video. Tulidhani ni mpira. Mwenyeji wetu akasema, "La, Sheikh, leo ni sinema ya samaki." Tukaingia, tukasimama mlangoni. Watoto walikuwa wameketi mbele, chini. Nyuma yao, juu ya mabao, walikuwa wanaume wazima, wenye mikono iliyokauka kwa kamba na maji, nao walikuwa wengi kuliko watoto. Tukapewa nafasi. Tulikusudia kukaa dakika tano, tukakaa mpaka taa ikawashwa.

Sinema yenyewe ni ile iitwayo Finding Nemo, iliyotoka Marekani mwaka 2003. Ni kisa cha samaki mdogo wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, ambaye jamaa zake wapo hata katika matumbawe yetu ya Mwambao. Mkewe na mayai yao yote wameliwa na mzia. Limebaki yai moja tu. Kwa hivyo baba amlea mwanawe huyo mmoja kwa khofu: usiende kule, usiguse hiki, bahari ni mbaya. Mtoto achoshwa na makatazo, aogelea mbali ili kumwonyesha baba kwamba aweza, akamatwa na mzamiaji, atiwa katika sanduku la kioo la daktari wa meno mjini Sydney. Na yule baba mwoga kuliko samaki wote avuka bahari nzima kumtafuta. Mtungaji wake, Andrew Stanton, ameeleza kwamba fikira ile ilimjia kutokana na mwanawe mwenyewe mdogo, alipotambua kwamba kila watembeapo pamoja yeye kazi yake ni kumkanya tu.

Basi tazama, ndugu msomaji: kisa kinachoitwa cha watoto kimetungwa na baba, chahusu baba, na kosa lililomo ndani yake ni kosa la baba. Mtoto akitazama aona samaki wapotea na kupatikana. Mzazi akitazama ajiona yeye mwenyewe. Watengenezaji wa sinema hizi walijua tangu zamani kwamba mtoto haendi sinema peke yake, yuko mtu mzima anayelipa, na mlipaji naye apewe chakula chake. Ndiyo sababu wafanya mzaha mmoja wenye matumbo mawili. Katika sinema hiyo wamo papa watatu walioapa kuacha kula samaki, nao hukutana kutiana moyo. Watoto wa Sori walicheka meno ya papa. Wanaume walicheka kitu kingine: walimjua mlevi aliyeapa Ijumaa kuacha, na walipomwona papa anusa tone la damu na kiapo chake kikayeyuka, yuko aliyemgusa jirani yake kwa kiwiko, na jirani hakupendezwa.

Jambo hili si geni kwetu, wala halikuletwa na Wamarekani. Kitabu cha Kalila na Dimna, alichokitia katika Kiarabu Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8, ni maneno ya simba, ng'ombe na mbweha. Kilisomwa na wafalme na mawaziri, na watoto wakafurahia picha zake. Bibi zetu walipohadithia sungura na fisi, mkeka ulikuwa mmoja, na shangazi aliyejifanya apepeta mchele pembeni alikuwa akisikiliza kuliko wote. Nairobi nako, miaka ya 2010, zilitengenezwa hadithi za katuni za Tinga Tinga Tales, zilizochorwa kwa mtindo wa Edward Saidi Tingatinga wa Tanzania, za kueleza kwa nini mnyama fulani ana umbo fulani. Hizo ni hadithi za mkeka ule ule. Ama mwenye kusema kwamba kucheka kwa sanamu ya kuchezea kwamvunjia mtu heshima, na akumbuke khabari ya Bibi Aisha na farasi wake wa matambara mwenye mbawa, alipoulizwa farasi gani huyo ana mbawa, akajibu kwamba farasi wa Nabii Suleiman walikuwa nazo. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alicheka mpaka magego yake yakaonekana. Ikhtilafu ya maulamaa juu ya picha twaijua, na leo siyo tunayoizungumza.

Turudi kibandani. Karibu na mwisho wa kisa, samaki wengi wanaswa katika wavu mkubwa wa mashua, na mmoja wao ni rafiki wa yule baba. Mtoto, aliyekwisha kupatikana, ataka kuingia wavuni kuwaambia samaki waogelee wote kwa pamoja kwenda chini. Baba amzuia, maana ndiyo kwanza amempata, kisha amwachia. Samaki wasukuma chini kwa umoja, kamba zalia, mti wa mashua wavunjika, wavu waanguka, samaki watoka. Na hapo, ndugu zangu, kibanda kizima cha wavuvi kilisimama kikapiga makofi! Watu ambao nyavu zao zilikuwa zimeanikwa hatua chache kutoka pale, ambao wavu ukipasuka watoto wao hulala njaa, walishangilia wavu kupasuka.

Tulipotoka tulimfuata mmoja wao, mzee aliyekuwa amecheka kuliko wote mpaka kikohozi kikamshika. Tukamwuliza, "Mzee, wewe ni mvuvi. Vipi ufurahi samaki wakitoroka?" Akatutazama kama atazamaye mtu asiyeelewa jambo jepesi, akasema, "Sheikh, ule haukuwa wavu wangu."

Tulirudi na neno hilo mpaka mahali tulipolala. Kwa kweli twaona ndani yake limo jawabu la yule ndugu wa darsani, na limo pia lile lililo khatari.

Mtu mzima moyo wake una mabawabu wengi. Mwonyeshe filamu ya watu kama yeye, mara ataanza kuhesabu: huyu ni wa kabila gani, huyu ni wa dini gani, huyu afanana na yule jirani aliyenidhulumu. Huwa amekwisha kushika upande kabla kisa hakijaanza. Lakini samaki wa kuchorwa hana kabila, hana madhehebu, hana deni nasi. Tena amekuja kwa jina la mchezo wa watoto, na mbele ya mchezo wa watoto bawabu husinzia. Hapo moyo hutoa hukumu iliyo sawa, kwa sababu hauna maslaha. Kumbuka kisa cha wale wagomvi wawili waliomwingilia Nabii Daud, mmoja ana kondoo 99 na mwenziwe ana mmoja tu, na mwenye 99 amtaka hata huyo mmoja. Nabii Daud alihukumu papo hapo kwamba hiyo ni dhulma. Kisha akatambua kwamba alikuwa ametahiniwa, akaanguka kuomba msamaha. (Yale yaliyoongezwa na wasimulizi juu ya kisa hicho hatuyaamini wala hatuyanakili.) Mtu huhukumu vizuri sana juu ya kondoo wa wenyewe.

Kwa hivyo twamwambia ndugu yetu: huo si upungufu wa akili. Umekaa nyuma ya wajukuu kwa sababu pale, gizani, pana mtu asemaye nawe juu ya mambo yako bila kukutaja jina. Haya hutokea ulimwenguni kote. Toy Story ilitoka mwaka 1995, ya kwanza ya urefu kamili kutengenezwa yote kwa kompyuta. Ya tatu ilipotoka mwaka 2010, kijana mwenye vile vichezeo alikuwa mkubwa aendaye chuoni na kuvigawa, na waliokuwa watoto katika ile ya kwanza nao walikuwa watu wazima. Walilia, wasema, kuliko watoto wao na wadogo zao. Ziko pia zenye upuuzi na maneno machafu yaliyofichwa yasifahamike na watoto. Hizo mzazi na azijue kwa kuketi kuzitazama, si kwa kumtupia mtoto simu ili anyamaze.

Ama khatari tuliyoitaja si kicheko. Ni kwamba mtu aweza kutoka mlangoni na hukumu yake njema ikabaki ndani pamoja na mabao. Amelia kwa ajili ya baba wa kuchorwa, akatokwa na machozi yasiyomgharimu kitu, na machozi hayo yakampa raha kana kwamba ametenda jambo. Akifika nyumbani, wavu ni wake.

Tulibaki Sori siku nne. Mwezi ulipoanza kuchelewa kutoka, mashua zikaanza kutayarishwa, na tukamkuta yule mzee ufukoni akiziba matundu ya wavu. Karibu naye alisimama kijana wa miaka kama kumi na saba. Mzee akatueleza kwamba mwanawe mkubwa alichukuliwa na ziwa, na huyu ndiye aliyebaki. Naye ataka kwenda Kisumu kujifunza ufundi wa umeme, na jamaa huko wako tayari kumpokea. "Nimekataa," akasema. "Kisumu ni kubwa. Mtoto hajui khatari."

Kijana alitazama maji. Sisi tulimtazama mzee, na tuliona kwamba neno lake mwenyewe lilikuwa limemfikia masikioni, kwani sindano ilisimama katika kamba. Tulitaka kusema, kisha tukanyamaza. Baada ya kitambo akamwuliza mwanawe, bila kuinua macho, nauli ya kwenda Kisumu sasa ni kiasi gani.