Mshangiliaji wa Mieleka

Kijana mmoja wa Mwisenge, Musoma, aliniuliza: yafaa kwenda kushangilia mieleka ya kiingilio? Nikamjibu: mieleka si aibu. Imepokewa kuwa Mtume wetu (S.A.W.) alishindana na Rukana, akambwaga. Ama hii ya maonyesho, mshindi hupangwa kabla. Na kule Kinshasa wako waingiao ulingoni na mambo ya uganga. Hapo usende.

"Penginepo ni mchezo tu, Sheikh."

Sawa, lakini ile furaha yako mtu akiumizwa, nayo ni mchezo? Wao hutoka wakicheka pamoja. Wewe warudi nyumbani na ghadhabu ya kweli. Mtume ametufunza kuwa mwenye nguvu si abwagaye watu, bali ajizuiaye anapoghadhibika. Basi ukienda, uchunge moyo wako. Wallahu aalam.