Usiulize Jina la Mti

Mwanangu, picha zote ulizonionesha kwenye simu nimezitazama. Kabati la kujengea ukutani, milango inayopanda mpaka darini, kioo kirefu katikati. Nzuri. Nyumba ni yako na fedha ni zako, na mimi randa nimeshaitundika. Ila ukitoka hapa utakwenda kwa mafundi wa Keko, na Keko utapewa bei kabla hujapewa shauri, kwa hiyo nivumilie kidogo. Haya nimewaambia wengi. Wakaitikia "sawa mzee", wakaenda kufanya walilokuwa wameshaliamua.

Kila mwenye nyumba anaanza na jina. Nataka mninga, nataka mkongo, nataka mtiki. Sibishani na majina hayo. Mninga ukishakauka ni mtulivu kuliko mbao nyingi nilizozishika. Hausinyai ovyo, na kiini chake mchwa hawakiwezi kirahisi. Lakini siku hizi mti unaangushwa leo, unapasuliwa kesho, na kabla mwezi mwingine haujaandama uko karakanani unarandwa, maji yangali ndani. Siku ya kukabidhiwa, mlango umenyooka. Ngoja kaskazi ya Januari ianze kuvuma. Usiku utausikia ukilia, tah, na asubuhi utakuta ufa unaopitisha ukucha.

Kwa hiyo uliza mbao zimekaukia wapi, na kwa muda gani. Mbao za ndani ya nyumba zinatakiwa zishuke mpaka unyevu wa asilimia 12 hivi. Wenye matanuri ya kukaushia wana kipimo chake. Wanakichomeka kwenye ubao, nawe unaona namba. Asiye nacho, mwombe kipande, kakipime kwenye mizani ya duka lolote, kiweke uvunguni wiki mbili, kisha ukipime tena. Kikipungua uzito, bado. Fundi atanuna. Mwache anune.

Halafu kuna ule weupe wa pembeni. Uwe mninga, uwe mtiki, sehemu ya nje ya gogo ni mbao changa yenye wanga, na wadudu watoboaji huifuata hiyo. Mtiki wa kupandwa, huu wa Longuza kule Muheza na wa Mtibwa, ukivunwa ungali mdogo unakuwa na weupe mwingi na kiini kidogo. Mafundi huupaka weupe huo rangi ya kahawia ukafanana na kiini, nawe baada ya muda unaanza kufagia unga chini ya kabati usijue unatoka wapi. Chagua mbao kabla hazijapakwa chochote, tena mchana, si kwa tochi ya simu.

Bei haitashuka, nisikudanganye. Mninga, mkongo na mkangazi iliingizwa mwaka 2022 kwenye orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES ya miti ambayo biashara yake ya kuvuka mipaka lazima iwe na kibali, na miti yenyewe huchukua miaka mingi mpaka ikomae. Bei ikikushinda, usione haya kuchukua msindano wa Sao Hill, mkavu, uliopakwa dawa ya mchwa. Mimi nyumbani kwangu ningeweka msindano mkavu kabla ya mninga mbichi, wageni waseme watakavyo.

Mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana, kwa urefu karibu haiendi popote. Ndiyo maana mlango wa mbao halisi hutengenezwa kwa fremu yenye mfereji ndani, paneli ikakaa humo bila gundi, ikiwa na nafasi ya kwenda na kurudi. Fundi akiigandisha paneli pande zote, itapasuka tu, hakuna namna. Serikali ilipohamia Dodoma, watu walipakia makabati yao ya pwani kwenye malori; kule hewa ni kavu, na waliokuwa na paneli za gundi walinipigia simu wakiniuliza nani kawaroga. Kwenye kona za fremu, dai ulimi wa ubao mmoja uingie kwenye tundu la mwingine. Usikubali misumari miwili na dua.

Utaambiwa pia uchukue MDF, ule ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa. Siichukii. Imenyooka, inashika rangi vizuri, haipasuki kwa kuwa nyuzi zake hazielekei upande mmoja. Chumba kikavu cha Arusha au Dodoma, iweke. Lakini chumba chako kinapakana na bafu, na huko Kigamboni unyevu wa bahari unaingia mpaka kwenye magodoro. Ukingo wa MDF ukinywa maji huvimba, na ukishavimba haurudi ulivyokuwa. Adui wake mkubwa si mvua, ni maji ya kudeki. Kama lazima uitumie, kabati lote likae juu ya msingi wa sentimita 10, na kingo za chini zizibwe kabisa kabla milango haijafungwa.

Sasa uzito, ambao hakuna anayeuulizia. Ubao wa MDF wa futi 8 kwa 4, unene milimita 18, ni kilo 40 hivi. Mlango mmoja wa mita 2.1 kwa sentimita 60 unatoka kilo 16 au 17. Kile kioo chako, kikiwa cha milimita 4, kinaongeza kilo 10 kwa kila mita ya mraba. Mzigo wote huo utauning'iniza kwenye bawaba tatu za bei ya chini? Weka nne, na kwenye mlango wa kioo weka tano. Tena usiupandishe mlango mmoja mpaka darini; ukate, juu ukae mlango mdogo wa kuhifadhia masanduku. Upana usizidi sentimita 60. Milango ile mikubwa ya Unguja haikuwa na bawaba kabisa, ilizunguka kwa vigingi kwenye matundu ya fremu, uzito wote ukashuka chini. Sisi tumeuhamishia kwenye skrubu.

Na skrubu zenyewe simama uzione zikifungwa. Vijana wengi huzipigilia kwa nyundo kama misumari, wakamalizia mizunguko miwili ya bisibisi ili uridhike. Meno yameshachana mbao, hayashiki kitu. Mbao itobolewe kwanza kwa keekee nyembamba, kisha skrubu izungushwe tangu mwanzo. Iwe ya chuma kisichoshika kutu, maana chumvi ya pwani haichagui chumba.

Kwa nguo zako ningependa hata milango miwili iwe ya luva, hewa ipite, masika isikuoteshee ukungu kwenye kanzu na mashuka. Utasema vumbi. Vumbi hufutwa.

Mwisho ni vanishi. Mbao iliyozibwa upande mmoja tu hunywa unyevu kwa upande wa pili, na mlango unapinda hata kama ulikauka vizuri. Mwambie fundi apake nje, ndani na kingo zote nne, mikono sawasawa. Atakuambia ndani hakuonekani. Mwambie apake.