Muflisi na Mdhamini Wake

Miongoni mwa maneno tuliyoyapokea kutoka lugha ya Kiarabu, neno muflisi lina uzito wa pekee. Asili yake ni fulusi, yaani visarafu vya shaba. Muflisi ni mtu ambaye mali yake imeshuka hata hakubakiwa ila na visarafu hivyo, au, kama wasemavyo wengine, hata hivyo hana. Sisi tunaofundisha Kiswahili katika nchi hizi za jirani huwaonya wanafunzi wetu wasimchanganye na mfilisi, ambaye kazi yake ni kuikusanya mali ya aliyefilisika na kuwagawia wadai. Kosa hilo la msamiati huondoka kwa somo moja. Swali la haki lililojificha ndani ya neno lenyewe haliondoki upesi kiasi hicho, na ndilo tunalotaka kulizungumza hapa: je, mtu aliyekopa kwa hiari yake ana haki ya kufutiwa deni asilolilipa?

Kwanza tuyajibu kwa ufupi yale yaulizwayo kila mara. Mtu aweza kwenda mwenyewe mahakamani akaomba atangazwe muflisi, asingoje kushitakiwa. Sheria ya Uganda ya mwaka 2011 na ile ya Kenya ya mwaka 2015 zamruhusu. Hanyang'anywi kila kitu, kwani huachiwa zana za kazi yake, nguo na matandiko. Nchini Kenya, asipopingwa, hufunguliwa miaka 3 baada ya kuwasilisha maelezo ya mali na madeni yake. Aidha iko njia fupi kwa yule asiye na mali ya kuuzwa, ambaye madeni yake ni kati ya shilingi 100,000 na 400,000. Lakini deni lililopatikana kwa ulaghai halifutwi, wala fedha za matunzo ya watoto zilizoamriwa na mahakama. Na kabla hajafunguliwa, katiba za nchi zote mbili zamkataza ubunge, jambo ambalo kwa wengi wetu si hasara kubwa.

Basi, je, ni haki? Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba dawa ya deni ni kulipa, na waliposema kukopa harusi, kulipa matanga, hawakuongeza kwamba matanga yana siku ya kuanuliwa. Lakini twajua pia kwamba dini zilizoenea kwetu haziishii hapo. Torati iliagiza maachilio ya madeni kila mwaka wa saba. Kurani yaamuru mdaiwa mwenye dhiki apewe muhula hata apate wasaa, na yasema kuwa kumsamehe ni bora zaidi. Sheria za Kiingereza, ambazo ndizo mama wa hizi zetu, zilichelewa kufika huko: ile ya mwaka 1542 ilimhesabu muflisi kuwa mkosefu, na haikuwa mpaka mwaka 1705 ndipo mfanyabiashara aliyetoa mali yake yote bila hila alipoanza kufunguliwa. Walioficha mali waliweza kunyongwa. Wala si huruma tupu iliyoleta badiliko hilo. Wadai walikwisha kuona kwamba mtu asiye na tumaini huficha, hukimbia, au huacha kufanya kazi.

Hoja hiyo twaikubali. Benki ikopeshapo huyapima mapema mashaka ya kutolipwa na kuyatia ndani ya riba, hata twaweza kusema kwamba wote wanaolipa wamekwisha kumlipia yule atakayeshindwa. Benki haidhulumiwi mmoja wa wateja wake anapofunguliwa na mahakama.

Lakini nyuma ya mwalimu aliyekopa katika chama cha akiba na mikopo wamesimama wadhamini wawili au watatu, nao ni walimu wenzake. Hawakupata riba. Walitia saini katika chumba cha walimu, kati ya kipindi na kipindi, kwa sababu aliwaomba na kwa sababu wanamjua. Sheria imfunguapo mdaiwa haiwafungui hawa. Makato hufuata mishahara yao. Nao wakitaka kumdai fedha walizomlipia, huhesabiwa wadai tu miongoni mwa wadai, na dai lao hufutwa pamoja na la benki. Hapa ndipo sheria, kwa maoni yetu, huwa na macho ya kuona shilingi bila kuona mtu aliyeitoa.

Wako wasemao kwamba mdhamini naye alikubali hatari kwa hiari. Ndiyo, alikubali hatari ya mwenziwe kufariki au kufukuzwa kazi. Hakukubali kuwa wa mwisho kuambiwa. Deni la benki laweza kwisha kwa hukumu, kwa kuwa lilianza kwa mkataba. La mdhamini lilianza kwa imani, na hakuna hakimu awezaye kumwamini mtu kwa niaba ya mwingine. Mwandishi Mmarekani Mark Twain, kampuni yake ya kuchapisha vitabu iliposhindwa mwaka 1894, angeweza kupatana na wadai kwa sehemu tu ya deni. Badala yake alizunguka dunia mwaka 1895 na 1896 akihutubia kwa malipo, na kufikia 1898 alikuwa amewalipa wote kikamilifu. Tusimtwishe mwalimu wa shule ya msingi mzigo wa mtu aliyeweza kujaza kumbi kwa jina lake. Hata hivyo elfu kumi kwa mwezi, iliyotolewa na mtu ambaye sheria haimdai tena, ni malipo ya namna nyingine kabisa.

Kiswahili cha zamani kina kitenzi kuwia, yaani kumdai mtu, na aliyedaiwa husema nawiwa. Kitenzi chenye sura hiyo hiyo ndicho tutumiacho tunapoomba msamaha: niwie radhi. Mwenye kusudi la kwenda mahakamani na awaendee kwanza wadhamini wake, kabla ya kuandika ombi, akiwa na karatasi zake zote mkononi. Wao ndio wa kuambiwa hivyo, nao wana haki ya kukataa.