Tuketi Kwanza, Tuhesabu



Vani yetu inayowachukua wauguzi na dada zetu wa kazi za nyumbani kutoka Al-Malqa inachelewa kushika gia. Wengine wanasema itengenezwe kwa kuwa imetutumikia. Wengine, iuzwe kama chuma chakavu.

Katika Luka 14:28 Bwana Yesu anatufundisha kuketi na kuhesabu gharama kabla ya kujenga. Hospitalini nako, mgonjwa hapelekwi kupasuliwa kabla ya vipimo. Basi fundi aanze na mafuta ya gia. Yakiwa yamepungua, huenda yanavuja tu. Yakinuka kuungua na kuwa na chembe za chuma, ugonjwa uko ndani. Joto la Riyadh, linalopita nyuzi 45 wakati wa kiangazi, huyaharibu upesi.

Matengenezo yakizidi thamani ya gari likiwa zima, tuliage kwa shukrani. Fedha tuliyokwisha kutumia isitufunge. Sadaka hii ameitoa dada ambaye mshahara wake unalipa karo nyumbani. Gari ni chombo tu. Kundi tulilokabidhiwa ni wale wanaopanda, na tusiwaache wakwame barabarani usiku.

Mungu atupe hekima. Amina.