Usimhukumu Mtu kwa Ng'ambo Aliyotoka

Neno la msingi: Yohana 7:45–52



Katika andiko letu, Nikodemo anawauliza Mafarisayo wenzake swali dogo tu: je, sheria yetu inamhukumu mtu kabla ya kumsikiliza? Hawakumjibu. Walimgeukia wakamuuliza kama na yeye ni wa Galilaya. Angalieni hapo. Kauliza juu ya haki, kajibiwa juu ya mahali mtu anapotoka. Huo ndio ubaguzi, na wiki hii nataka tuutazame kupitia kitabu ambacho baadhi yenu mlikisoma sekondari: The River Between cha Ngũgĩ wa Thiong'o, kilichotolewa mwaka 1965.

Hadithi iko katika nchi ya Wakikuyu, enzi za wamisionari. Kuna vilima viwili vinavyotazamana, Kameno na Makuyu, na katikati unapita mto Honia, jina lenye maana ya kuponya. Kameno wanashika mila. Makuyu ni ya waumini, na mhubiri wao ni Joshua. Wote wanateka maji ya mto ule ule.

Joshua ana binti aitwaye Muthoni. Binti huyu anampenda Yesu, lakini anataka pia kuwa mwanamke kamili machoni pa watu wake. Anatorokea kwa shangazi yake Kameno, anakeketwa, kidonda kinakataa kupona, na anafariki hospitalini Siriana.

Niseme wazi: ukeketaji ni uovu juu ya mwili wa msichana, na sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inaukataza. Joshua hakukosea kuukataa. Swali langu ni jingine: je, mtu anaweza kuwa sahihi juu ya jambo, na bado akamkosea mtu?

Mimi nasema ndiyo. Muthoni alipoondoka, Joshua alimfuta moyoni. Hakumfuata, na hata habari za kifo hazikumtoa chozi. Tena mkewe mwenyewe, Miriamu, alikuwa amekeketwa zamani. Alama ile ile ilikuwa ndani ya nyumba yake kila siku. Mke akapata rehema, binti akakosa.

Ni rahisi tuishie hapo tuseme Joshua ni mbaya, basi. Lakini tukifanya hivyo, na sisi tumehukumu bila kusikiliza. Mwandishi anatuingiza ndani ya mtu huyu. Tunamwona kijana aliyekimbilia Siriana, akapata amani kwa Mungu aliyehubiriwa huko, na akabaki anaogopa kurudishwa alikotoka. Ukali wake una mizizi katika hofu. Ng'ambo nyingine yuko Kabonyi, anayepiga kelele kutetea mila. Msikilize vizuri: aliwahi kuwa mfuasi wa Joshua, na sasa kinachomuuma ni kwamba kijana Waiyaki, mwalimu, anapendwa kuliko yeye. Huku dini, kule mila, ugonjwa ni mmoja.

Waiyaki ni miongoni mwa waliompeleka Muthoni hospitalini. Baadaye anampenda Nyambura, dada yake Muthoni. Hapo ndipo mambo yanaharibika. Joshua anamkana Nyambura kwa sababu ya mtu wa mila, na watu wa mila wanamkataa kwa sababu hakukeketwa. Mwishowe watu wale wale waliomsifu mwalimu wao wanawaachia wawili hao mikononi mwa baraza la Kiama, halafu wanarudi makwao haraka, hawataki hata kutazamana. Dhamiri ilikuwa inajua.

Sasa tuje kwetu. Jina la mtaa wetu, Kisumu Ndogo, limetoka ziwani likaja mpaka baharini hapa Malindi. Kwenye benchi moja la kanisa anakaa Mgiriama, Mjaluo, Mkamba, Mluhya. Tunaimba vizuri. Tukitoka mlangoni yanaanza: "hawa wa bara", "hawa wa pwani". Binti akichumbiwa, swali la kwanza si kama kijana ameokoka. Ni "kwao wapi?"

Na kuna linaloumiza zaidi. Katika kaunti yetu ya Kilifi, wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Ushahidi ni upi? Mvi. Macho mekundu kwa moshi wa kuni. Na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba ambalo mtu analitaka. Wazee wengine wamekimbia wakapata hifadhi Kaya Godoma kule Ganze, mbali na watoto waliowazaa. Wapendwa, sisi tunaokemea mapepo tuna jukumu hapa. Mtoto akiugua, na jina la nyanya fulani likatajwa kwenye maombi, jina hilo linaweza kufika kijijini kabla yetu, na panga likalifuata. Joshua naye hakumgusa Muthoni. Alifunga mlango tu.

Tupime hivi. Msimamo unasema, "Jambo hili silikubali." Ubaguzi unasema, "Mtu huyu simsikilizi." Mwenye msimamo anaweza kukaa kando ya kitanda cha asiyekubaliana naye. Baba wa Luka 15 hakuyapenda maisha ya mwanawe, lakini alimwona angali mbali, akapiga mbio kumlaki.

Basi wiki hii tufanye mambo matatu:

1. Mtembelee mzee mmoja anayeepukwa na majirani. Kaa naye, umsikilize.
2. Ukisikia mtu anatajwa kuwa mchawi, usilipeleke neno mbele. Uliza: nani amemsikiliza yeye?
3. Kama kuna mtoto au ndugu uliyemfuta, mpigie simu. Huhitaji kukubaliana naye ndipo umwite mwanangu.

Tuombe: Bwana, tupe ujasiri wa Nikodemo wa kuuliza wengine wanapohukumu. Utuepushe tusiwe sahihi kwa maneno huku milango yetu imefungwa. Amina.